Mfumo Ulirudi, Orodha Haikurudi

Kabambare, 4 Novemba 2024

Yaya Hemedi,

Wewe ni yaya, mkubwa wangu, lakini salamu nitaziweka mwisho wa barua, kama zitabaki. Nimekupigia simu, ukakata. Nikapiga tena, ukaniambia mtandao ni mbovu, na mimi nakusikia vizuri kabisa kama uko jikoni kwangu. Basi nimeamua kuandika. Karatasi huwezi kuikata katikati ya neno. Fabrice wa pikipiki anakuletea mkononi, na nimemwambia asiondoke mpaka uifungue mbele ya macho yake.

Redio yetu iko kimya tangu wiki iliyopita. Hilo unalijua. Unalojifanya hulijui ni namna ilivyonyamaza, kwa sababu kwenye ripoti uliyompa Zéphirin, mwenyekiti wa kamati, umeandika kwamba mashine iliharibiwa na "mkono wa Victoire". Amenisomea kwenye simu, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Mkono wangu! Mkono huu ulifundishwa pamoja na wako kule Bukavu, wewe na mimi, dawati moja, mwalimu mmoja.

Nakueleza tena, usije ukasema hukuambiwa. Ulituma flashi yenye mfumo mpya wa kompyuta. Nikausimika kama ulivyoandika, neno kwa neno. Mashine ikawaka vizuri, ila sauti ikapotea: tunaongea, mikro inachukua, hewani hakutoki kitu. Nikafanya ulichonifundisha mwenyewe. Nikairudisha kwenye ile picha ya mfumo inayopigwa kabla ya kila badiliko, ili tukikosea turudi tulikotoka. Ikarudi. Sauti nayo ikarudi. Tukamshukuru Mungu, tukaendelea na kazi.

Halafu nikasimika kifurushi cha kukatia sauti, programu ya kuhariri rekodi, nacho kilikuwa kwenye flashi yako. Mashine ikajibu kwamba vitu vyote ambavyo kifurushi hicho kinavitegemea vimo tayari, haina haja ya kuviongeza. Ikakiweka chenyewe, ikabadilisha na sehemu moja ambayo programu ya redio inaitumia. Nilipoiwasha asubuhi, programu ya redio haifunguki. Inalia kwamba haivioni vitu vile vile ambavyo jana yake mashine iliapa vimo.

Sasa Zéphirin anasema studio ya Kabambare ifungwe, mashine ibebwe mpaka Kasongo, na sisi tuletewe vipindi vyenu vikiwa vimerekodiwa tayari. Yaani Mzee Bulaimu asizungumze tena na wakulima kwa Kibangubangu. Yaani mama wa Lusangi akitaka kutangaza kitu asafiri mpaka kwenu. Studio hii tuliiomba miaka, Hemedi. Tulibeba matofali yake vichwani.

Nataka jambo moja tu. Mwandikie Zéphirin umwambie kwamba nilifuata maelekezo yako na mashine ikafa ikiwa ndani ya maelekezo hayo.

Salamu hazikubaki.

Victoire


Kasongo, 8 Novemba 2024

Mdogo wangu Victoire,

Assalam aleikum, kwa maana mimi sikulelewa kumwandikia mtu bila salamu. Mama yako na mama yangu walizaliwa tumbo moja. Mmoja akaolewa kwa Wakristo, mwingine kwa Waislamu, na nyumba zote mbili tulifundishwa kumsalimia mkubwa kwanza.

Fabrice amesimama mlangoni kwangu kama askari. Wageni walikuwepo. Umefurahi?

Nakujibu kama fundi, hasira yako nakuachia. Mfumo ule ule, flashi ile ile, nimeusimika hapa Kasongo. Unafanya kazi. Redio inasema tangu alfajiri mpaka usiku. Kitu kimoja kikifanya kazi kwangu na kikifa kwako, mtu mwenye akili atatafuta tofauti wapi? Kwenye mikono. Nilichoandika kwenye ripoti ndicho kile kile ninachokiona.

Wewe una haraka. Tangu Bukavu una haraka. Umeona sauti haitoki, hukukaa kuchunguza, umekimbilia kurudi nyuma. Na kurudi nyuma hakuwezi kuharibu chochote, kwa sababu niliipanga mashine hiyo kwa mikono yangu. Mfumo unakaa upande wake, na ndio peke yake unaorudishwa kwenye picha. Kila kinachobadilika kila siku, yaani rekodi, sauti, kumbukumbu, kinakaa var, chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma hakirudishwi kamwe. Kanuni hiyo haina mjadala kwangu. Na unajua ilitoka wapi.

Au umesahau? Tulipomrekodi nyanya Mwayuma akisimulia hadithi za Kibangubangu, wiki nzima, mpaka akachoka sauti? Vyote vilikuwa kwenye chumba kimoja. Mashine ikaleta matatizo, mimi nikairudisha nyuma, na nyanya akarudi nyuma nayo, akapotea. Wakati huo alikuwa amekwisha kuzikwa. Sikuwa na mtu wa kumwomba arudie. Siku ile niliapa kwamba kinachobadilika hakitakaa tena pamoja na mfumo. Watu wa kamati wanaweza kucheka kanuni zangu. Wewe hapana.

Futa kila kitu kwenye mashine isipokuwa var, usimike upya. Ukishindwa, mkabidhi Zéphirin atakapokuja mwisho wa mwezi. Sitaandika barua ya kukutetea kwa kosa lako.

Mkubwa wako,
Hemedi


Kabambare, 13 Novemba 2024

Hemedi,

Nyanya Mwayuma alikuwa nyanya yangu pia. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia mikro. Usimtoe kaburini kila unapokosa jibu.

Nilitaka kufuta na kusimika upya kama ulivyosema, niwe mtoto mtiifu, na kesi iishe. Tena ingefanya kazi, ningekaa kimya, na mwezi mwingine ingekufa hivi hivi. Aliyenizuia ni Fabrice, wala hajui kompyuta.

Ngoja nikueleze. Lori la sabuni na chumvi lilitoka huko kwenu, likakwama kwenye daraja kabla ya Wamaza. Dereva aliona mvua inakaza, akageuza, akarudi Kasongo na mizigo yake. Lakini karatasi ya mizigo alikuwa amekwisha kumpa Fabrice aitangulize kwa pikipiki, ili watu wa bariere, kizuizi cha barabarani, wasimcheleweshe. Lori likarudi, karatasi ikafika. Leo asubuhi tajiri mwenye mali alikuwa bariere anafoka, Fabrice amesimama katikati yao.

"Karatasi iko hapa," mutu wa bariere anamwambia. "Inasema sabuni imefika. Basi imefika."

"Imefika wapi? Unaiona?"

"Mi sione. Lakini karatasi inasema iko. Mi naandika iko."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Niliwaacha pale pale nikakimbia studio.

Kwenye kila kompyuta kuna orodha ya vifurushi. Ndiyo inayosema kipi kimesimikwa, toleo gani, kinategemea nini. Kabla ya kuongeza kitu, mashine haiendi kutazama sakafuni, inasoma orodha. Niliisoma orodha ya mashine yangu, kisha nikatazama faili zenyewe moja moja. Orodha inasema mfumo ni mpya. Faili ni za zamani. Mfumo ulirudi kwenye picha, orodha haikurudi. Lori liko Kasongo, karatasi iko Kabambare, na kifurushi changu cha kukatia sauti kiliwekwa kwa kuiamini karatasi.

Nikauliza: kwa nini orodha haikurudi? Kwa sababu iko var, chumba chako cha nyuma kisichorudishwa.

Sasa sikia kilichonitoa machozi ya hasira. Nilidhani waliotengeneza mfumo ndio waliokosea kuiweka huko. Nikafungua maelezo yao ya toleo jipya. Wameandika wazi kwamba katika toleo hili orodha imehamishwa kutoka var, imewekwa ndani ya usr, mahali mfumo wenyewe unapokaa, ili mfumo ukirudi nyuma orodha irudi nao. Wameihamisha kwa sababu hii hii! Basi orodha yangu imefikaje var? Nikafungua amri zilizo kwenye flashi yako. Mbili za mwisho umeziongeza wewe. Ya kwanza inaichukua orodha kutoka usr na kuirudisha var. Ya pili inaacha kiungo usr kinachoelekeza var, mfumo usijue kwamba umeibiwa.

Hukuniambia. Hukuandika kwenye maelekezo, hukuandika kwenye ripoti. Uliandika mkono wa Victoire.

Na huko kwako inafanya kazi kwa sababu moja: hujawahi kuirudisha nyuma. Lori lako halijageuza bado.

Mzee Bulaimu anakuja kila jioni na kiti chake, anakaa mbele ya mikro iliyokufa, anauliza, "Leo iko namna gani?" Nikimwambia bado, anabeba kiti anarudi nyumbani. Mjibu yeye, kama mimi hunijibu.

Victoire


Kasongo, 17 Novemba 2024

Victoire,

Ndiyo, niliihamisha. Unadhani nimejificha? Niliihamisha mchana kweupe, na ningeihamisha tena leo.

Hao walioandika maelezo yao mazuri, umeme wao haukatiki. Mashine ikifa wanachukua nyingine. Mimi naendesha redio kwa jua, na mawingu yakija naendesha kwa dua. Ninayo kanuni yangu, imetoka kwenye maumivu yangu, na imelinda kila rekodi tangu nyanya Mwayuma mpaka leo. Orodha inabadilika kila ukisimika kitu. Je, inabadilika au haibadiliki? Inabadilika. Kinachobadilika kinakaa var. Usr nimeifunga isiandikwe ovyo, hata panya asiguse. Halafu waje watu nisiowajua waniambie niweke kitu kinachoandikwa humo ndani? Kwa hadithi ya lori la sabuni?

Unanionea, Victoire. Umemweka mwanamume wa pikipiki kunifundisha kazi. Umeniita mwizi kwenye barua ambayo mke wangu aliisoma kabla yangu. Mimi ndiye niliyekuombea nafasi hiyo ya studio wakati kamati ilitaka mwanamume. Nilisimama nikasema, "Mutoto wa mama mudogo wangu anajua kazi." Haya ndiyo malipo.

Tumalize. Keshokutwa kamati inakaa hapa studio. Nitafanya mbele yao yote uliyofanya wewe. Nitairudisha mashine ya Kasongo kwenye picha ya zamani, kisha nitasimika kile kifurushi cha kukatia sauti, kisha nitaizima na kuiwasha. Kila mtu ataona. Redio ikiendelea kusema, utamkabidhi Zéphirin mashine bila kelele na utaniomba radhi kwa maandishi. Mimi nitakusamehe, kwa kuwa wewe ni damu yangu, lakini sitasahau.

Hemedi


Kabambare, 22 Novemba 2024

Yaya Hemedi,

Barua yako ya matokeo haijaja. Fabrice amekuja. Alishuka kwenye pikipiki kofia ya chuma ikiwa bado kichwani.

"Kasongo iko kimya! Redio haiseme! Watu wamejaa mulangoni, wanataka matangazo ya vifo, hakuna!"

"Na Hemedi?"

"Iko ndani. Haongee na mutu."

Nilidhani nitafurahi. Siku zote hizi nilikuwa nalala nikiomba ukwame mbele ya watu, nakwambia ukweli. Sasa umekwama, na hasira yangu imezidi, kwa sababu najua kuna familia Kasongo imezika bila jamaa zake kupata habari, na ungeweza kuijaribu kanuni yako kwenye kompyuta yako ya nyumbani. Ulichagua mashine ya hewani ili unishinde mbele ya watu. Laana ya ukaidi!

Nisome vizuri, maana Fabrice anarudi sasa hivi, na sitaki Kasongo ilale kimya tena kwa ajili ya ugomvi wetu.

Usiendelee kuihangaikia ile picha ya zamani. Orodha yako inauzungumzia mfumo mpya, basi rudi kwenye mfumo mpya. Hapo karatasi na lori vitakutana. Kile kifurushi cha kukatia sauti tu ndicho kitakachokosekana humo ingawa orodha inakitaja, maana ulikiweka ukiwa kwenye picha. Kilazimishe kisimikwe upya. Hakikisha orodha na faili zinakubaliana. Kisha fungua usr, iondoe orodha var, iweke pale walipoiweka wenyewe, futa kiungo chako, funga usr. Piga picha mpya baada ya hapo. Zile za zamani ziue zote. Hazina orodha ndani yake, na siku moja zitakuponza tena.

Mimi nimefanya hivyo tangu juzi, na Kabambare inasema. Nimeirudisha nyuma kwa makusudi, nikasimika, nikazima, nikawasha. Inasema. Nikairudisha mbele. Inasema. Rekodi ziko var na hakuna hata moja iliyoguswa. Mzee Bulaimu aliongea juu ya ugonjwa wa mihogo mpaka nikamwonyesha saa.

Na ile sauti iliyopotea mwanzoni: mfumo mpya ulikuwa unaipeleka kwenye mlango wa skrini badala ya mlango wa mitambo ya kurushia matangazo. Ilikuwa ni kuchagua mlango tu, basi. Hapo ulisema kweli, nilikuwa na haraka. Ningekaa kidogo ningeona. Hilo ni langu, nimeliandika, na halijaniua.

Sasa kanuni yako. Umeuliza kama orodha inabadilika. Inabadilika, lakini haibadiliki peke yake hata siku moja. Inabadilika pale tu mfumo unapobadilika, kwa hiyo ni ya mfumo. Sauti ya nyanya ilikuwa haina habari na mfumo. Nyanya angebaki nyanya kwenye mashine yoyote. Yeye ndiye aliyestahili chumba cha nyuma. Umeumia kwa sababu ulimweka nyanya mahali pa orodha, halafu ukaenda ukaiweka orodha mahali pa nyanya.

Zéphirin anakuja. Mwandikie kabla hajaondoka huko. Sikuombi unisifu.

Victoire


Kasongo, 26 Novemba 2024

Victoire,

Assalam aleikum.

Nimefuata uliyoandika. Redio inasema.

Ulikuwa na haja gani ya kusema lile la nyanya? Nilisoma barua yako nimesimama, ikabidi nikae.

Kamati niliiambia kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi, imekwisha kurekebishwa. Walipiga makofi. Nilitaka kuongeza neno, lakini Zéphirin alikuwa amekwisha kupita kwenye ajenda nyingine, na mbele ya wazee wale mtu haanzi kujivua nguo. Nawe uelewe. Mimi nina jina hapa. Watu wananikabidhi simu zao, kompyuta zao, watoto wao niwafundishe.

Kuhusu mashine yako, uamuzi wa kamati ulipitishwa zamani, kabla ya haya. Zéphirin anasema hauwezi kutenguliwa kwa maneno ya barabarani. Anaondoka kesho. Mpokee vizuri, usilete fujo, na mimi polepole nitaona la kufanya mwakani. Haya ni mambo ya nyumbani, tuyamalize nyumbani.

Hemedi


Kabambare, 30 Novemba 2024

Hemedi,

Hitilafu ya kiufundi. Nimeyasoma maneno hayo mpaka yamenichosha macho. Mimi nilipokosea, kosa lilikuwa na mkono, na mkono ulikuwa na jina. Wewe ulipokosea, kosa likazaliwa bila baba wala mama.

Zéphirin alifika jana. Tulikuwa hewani. Mzee Bulaimu alikuwa anawaeleza watu wa Lusangi namna ya kuchagua fimbo za mihogo za kupanda, zisizo na ugonjwa, na nje walikuwa wamekaa akina mama na redio zao ndogo magotini. Zéphirin hakungoja. Nilimwomba amwache mzee amalize.

"Mama Victoire, mi niko mutu wa kutumwa tu. Hii mashine inaenda. Basi."

"Iko inafanya kazi, papa. Sikiliza mwenyewe."

"Ripoti inasema imeharibika kwa mukono yako. Mi nafuata ripoti."

Nikamwambia ripoti ni ya zamani, mashine ni ya leo. Akanionyesha karatasi. Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Karatasi inasema sabuni imefika, basi imefika! Ripoti yako imefanya kwa mtu kile ilichokifanya orodha yako kwa mashine, na wewe uko Kasongo, unajua hivyo, na umekaa kimya.

Akachomoa waya. Taa zikazimika. Mzee Bulaimu hakuelewa. Aliendelea kuongea kidogo, kisha akageuka akaniuliza, "Bado wananisikia?"

Niliinuka, Hemedi. Nilitoka nje.

Baadaye nilirudi nikamwambia Zéphirin kwamba sitapigana naye. Mashine achukue. Lakini nilitoa kwanza diski ya chumba cha nyuma, ile yenye var peke yake, na akisema nimeiba aniitie polisi. Humo kuna sauti za Kabambare, na hazina habari na mfumo wenu. Hiyo ni kanuni yako mwenyewe, nami nimeifuata vizuri kuliko wewe. Kinachokuja kwako kwa pikipiki ya Fabrice, kimefungwa turubai, ni mfumo na orodha yake.

Utakapoifikisha mezani, iwashe, soma orodha, kisha tazama faili. Utaona vinakubaliana, kitu kwa kitu. Mashine hiyo sasa inasema kweli juu ya kilichomo ndani yake. Umebaki wewe.

Usinijibu kwa salamu.

Victoire


Kasongo, 5 Desemba 2024

Kwa Bwana Zéphirin, mwenyekiti wa kamati ya redio
Nakala: Victoire, studio ya Kabambare

Mwenyekiti,

Barua hii nimeisoma hewani leo asubuhi, kabla ya matangazo ya vifo, saa ambayo Kasongo nzima inasikiliza. Unaipata kwa maandishi ili usiseme ni maneno ya barabarani.

Mashine ya Kabambare ilifika mezani kwangu. Nimeiwasha, nimeichunguza tangu juzi. Haina ugonjwa. Mashine hii iliharibiwa na amri mbili nilizoziandika mimi, nikaziweka kwenye flashi bila kumwambia mtu, kwa kuwa nilidhani najua kuliko waliotengeneza mfumo. Victoire aligundua kosa, akaponya mashine yake, kisha akaniponyea yangu ambayo niliiua mbele ya macho yenu nikitaka kumwaibisha. Ninyi mkapiga makofi. Nami nikayapokea.

Nina hasira na nafsi yangu, na wewe pia nina hasira nawe. Uliambiwa usikilize redio inayofanya kazi, ukasikiliza karatasi yangu. Ulimkatia mzee waya akiwa katikati ya neno. Mzee huyo utakwenda kumwomba radhi, na kama pikipiki haipo mguu upo.

Ripoti yangu ya mwezi wa kumi naifuta. Mashine hailali tena Kasongo. Baada ya kuisoma barua hii nimeifunga turubai, na ninapanda nayo mwenyewe nyuma ya Fabrice, nikiwa nimeikumbatia, kwa sababu daraja la Wamaza silijui likoje leo na simwamini mtu mwingine kuibeba. Nikifika nitauomba mkono wa Victoire uirudishe diski yake mahali pake. Akinifungia mlango, nitakaa nje na kiti cha Mzee Bulaimu mpaka afungue.

Ukitaka kumfukuza mtu kwa kosa hili, safari hii huna haja ya kumtafuta. Jina lake liko hapa chini ya kosa lake.

Hemedi